Thamani za Butembo katika majaribio ya programu za simu

Mtu aliyegusana na mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa kwa siku 21, kwa kuwa huo ndio muda mrefu zaidi unaokubalika kati ya kuambukizwa na kuonyesha dalili. Katika mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliogunduliwa Mangina katika zoni ya afya ya Mabalako, ukafika Beni, Katwa na Butembo na kuingia Ituri, hesabu hiyo ya siku 21 ilifanywa kwa watu wapatao 250,000 walioandikishwa. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3,470 walikuwa wamehesabiwa, na 2,287 kati yao walikuwa wamefariki. Kazi ya ufuatiliaji ilifanywa kwa karatasi, kwa majedwali ya kompyuta na kwa simu, ikiwemo Go.Data, programu ya Shirika la Afya Duniani. Sikusudii kuihakiki programu hiyo wala nyingine yoyote ya wakati ule. Ninalochambua ni swali linalozikabili zote, na litakalozikabili zile ambazo hazijaandikwa bado: mwandishi wa programu, akiwa mezani pake, atajuaje kwamba simu iliyo mkononi mwa mfuatiliaji wa Katwa itaihesabu siku ya 21 sawasawa?

Njia ya kawaida ya kujua ni jaribio la kitengo, yaani msimbo mfupi unaokiita kipande kimoja cha programu na kuangalia kama kimetoa jibu linalotarajiwa. Kipande kikitegemea kitu cha nje, kama saa ya simu, mtandao au setilaiti za mahali, kitu hicho huwekewa kibadala. Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig walieleza mbinu hiyo katika makala ya mwaka 2000. Mwaka 2004 Martin Fowler akatenganisha aina mbili ambazo watu bado wanazichanganya: stabu, inayotoa tu jibu lililopangwa, na moki, inayochunguza kama kipande kimeagiza kile kilichopaswa kuagizwa. Gerard Meszaros akaupanga msamiati wote katika kitabu chake cha mwaka 2007. Vitabu na mafunzo yaliyofuata yanazungumzia zaidi jinsi ya kubadilisha matendo ya kitu. Sifa zake, yaani thamani ambazo kitu hubeba na kutoa kinapoulizwa, hupewa aya moja au mbili, kana kwamba ni jambo dogo. Mimi naona huko ndiko programu za simu zinakoumia zaidi. Sifa ya bandia katika jaribio ni dai kuhusu dunia, na dai hilo lina thamani pale tu linapotoka mahali ambapo programu itatumika.

Sifa ina hatari yake ya pekee. Msimbo unapoita tendo, kwa mfano kutuma rekodi kwenye seva, kila msomaji anaona kwamba kuna kazi inafanyika na kwamba inaweza kushindikana. Unaposoma sifa, kwa mfano saa ya sasa, lugha ya simu au latitudo ya mahali, maandishi yanafanana na kusoma jina lililokwisha kuandikwa. Katika Kotlin, lugha ambayo Google huipa kipaumbele kwa Android tangu mwaka 2019, sifa inaweza kuwa na msimbo mzima nyuma yake, wenye kuuliza mfumo wa simu, mnara wa mtandao au kipande cha kupimia, na bado kwa anayeisoma ikaonekana ni neno moja tu baada ya nukta. Kwa hiyo mwandishi haiwekei shaka. Akiandika jaribio, anaijaza thamani iliyo karibu na mkono wake: tarehe ya leo, mji anaoishi, mtandao upo. Jaribio linapita. Lililothibitishwa ni kwamba programu inafanya kazi pale alipoketi mwandishi.

Tuanze na saa, maana siku 21 ni jambo la saa. Kongo ina kanda mbili za saa: Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya dunia, Kivu Kaskazini, penye Beni na Butembo, iko saa mbili mbele. Kasindi, mpakani upande wa mashariki wa Beni, inatazamana na Uganda iliyo saa tatu mbele, na simu iliyoachwa ijirekebishe yenyewe inaweza kushika mnara wa ng'ambo ikaruka saa nzima bila mwenyewe kufanya lolote. Chukua mtu aliyegusana na mgonjwa mara ya mwisho saa sita na nusu usiku, tarehe 2 ya mwezi, mjini Beni. Kinshasa wakati huo ni saa tano na nusu, na tarehe bado ni 1. Kama simu inaandika tukio kwa saa ya Beni, halafu seva inalitafsiri kwa saa ya Kinshasa na kuitupa sehemu ya saa ili ibaki tarehe tu, ufuatiliaji utaisha siku moja kabla ya wakati. Kila mstari wa msimbo huo ukisomwa peke yake hauna kosa. Kosa limo katika sifa ambayo hakuna aliyeitaja, ukanda wa saa, ambao kila kipande kilijichukulia kutoka kwenye mashine kilipokuwa kikiendeshwa.

Jaribio lililoandikwa Ulaya linaweza kulificha kosa hili kwa nusu mwaka. Brussels wakati wa kiangazi ina saa ileile ya Butembo, na wakati wa baridi ina saa ya Kinshasa. Jaribio linaloiacha kompyuta ichague ukanda wake litapita mwezi Julai na kuanguka mwezi Januari, na mwandishi asiyejua jiografia ya Kongo ataliita jaribio lisilotulia, ataliendesha tena na tena, mwishowe alizime. Kuna pia simu yenyewe. Simu ya bei nafuu iliyozimika kabisa betri inaweza kuamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na ikibaki bila mtandao haitajisahihisha. Programu itatoa tarehe ya mguso kutoka kwenye "leo" ya uongo na kupata siku hasi. Je, itamwonyesha mfuatiliaji kwamba bado muda mrefu umebaki, itamficha mtu huyo kwenye orodha ya leo, au itakataa na kumwomba mtumiaji aangalie saa ya simu? Jibu la tatu ndilo sahihi. Lakini halitaandikwa na mtu ambaye majaribio yake yote yamefungwa kwenye tarehe moja nzuri ya katikati ya mwaka.

Mfano wa mahali unanishawishi zaidi kuliko mingine yote, kwa sababu hapa thamani ya bandia na thamani ya kweli hukutana. Kwa Android, kitu kipya cha mahali ambacho bado hakijapata vipimo hubeba latitudo 0.0 na longitudo 0.0. Maktaba za vibadala nazo, zikiambiwa zijaze sifa zisizopangwa, hurudisha sifuri kwa kila namba. Wengi wamezoea kuichukulia sifuri kuwa ishara ya "hakuna mahali", na katika miji mingi ya dunia mazoea hayo hayaleti madhara. Butembo iko kwenye latitudo ya takriban 0.13 kaskazini ya ikweta, na Lubero iko kiasi kama hicho kusini yake. Ikweta inapita kati ya miji hiyo miwili, kwenye njia ambayo wafanyabiashara, wagonjwa na watumishi wa afya huipita kila siku. Programu inayosema "latitudo ikiwa sifuri, rekodi haina mahali", na ambayo kwanza huifupisha latitudo iwe namba nzima ili kuficha nyumba ya mtu, itafuta mahali pa Butembo yote. Programu iliyodhani latitudo haina alama ya kutoa itawahamisha wagonjwa wa Lubero kwenda kaskazini ya ikweta. Aliyepanga latitudo ya bandia kuwa 48.85, ya Paris, hawezi kuyaona makosa haya hata akiwa na majaribio elfu. Aliyepanga sifuri ataona jaribio likipita kwa sababu isiyo sahihi. Thamani zinazofaa hapa ni tatu: moja ya Butembo, moja ya Lubero, na kutokuwepo kwa thamani, kukiandikwa kama kutokuwepo na si kama namba.

Jambo la lugha ni fupi, ila nalo linagusa afya ya watu moja kwa moja. Simu nyingi Butembo na Beni zimepangwa kwa Kifaransa, na Kifaransa hutenga desimali kwa koma. Mfuatiliaji anapima joto la mwili, programu inaliandika 38,5. Kwenye Android, funksheni ya kupanga maandishi hufuata lugha ya simu na kutoa koma, ilhali ile ya kugeuza maandishi kuwa namba inataka nukta na huanguka ikikuta koma. Jaribio lililoendeshwa kwenye kompyuta ya Kiingereza halitaiona koma hata mara moja. Mpangilio wa lugha ni sifa kama nyingine. Ipewe thamani ya Kifaransa na ya Kiswahili cha Kongo katika kila jaribio linalogusa namba, na tatizo litaonekana kabla mtu mwenye homa hajapotea kwenye rekodi.

Kuhusu mtandao, historia ya karibuni ya nchi inafundisha kuliko kitabu chochote. Uchaguzi wa rais ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018, huku upigaji kura wa Beni na Butembo ukiwa umeahirishwa hadi Machi. Siku iliyofuata intaneti ilikatwa nchi nzima kwa amri ya serikali, na ikarudi baada ya wiki karibu tatu, mlipuko ukiwa unaendelea. Katika hali kama hiyo simu inaweza kuonyesha kwamba imeshika mnara, na sifa ya zamani isConnected ikajibu ndiyo, ilhali hakuna hata herufi moja inayofika kwenye seva. Android inaitambua tofauti hii tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015: kuna alama inayosema mtandao huu umekusudiwa kufika intaneti, na nyingine, VALIDATED, inayosema umejaribiwa na kweli unafika. Stabu yenye ndiyo na hapana tu haiwezi kueleza hali ya tatu, ya kushika mtandao usiofika popote. Na hiyo hali ya tatu ndiyo inayoamua kama programu itaitunza rekodi ndani ya simu na kusubiri, au itaifuta ikiamini imekwisha kutumwa.

Mtu anayezifahamu zana za leo atapinga kwamba hili halihitaji falsafa. Zana zinaweza kubadilisha sifa yoyote. Mockito, ambayo zamani haikuweza kugusa klasi zilizofungwa, na klasi za Kotlin hufungwa zenyewe zisipofunguliwa, inaweza sasa bila mpango wa ziada tangu toleo lake la 5 la mwaka 2023. MockK inabadilisha sifa ya Kotlin kwa mstari mmoja, hata ya vitu vya mfumo mzima. Kwa wanaoandika kwa React Native, Jest iliongeza mwaka huohuo replaceProperty, inayobadilisha thamani ya sifa na kuruhusu irudishwe jaribio likiisha. Ni kweli, na ni zana nzuri. Hata hivyo, urahisi wake umeondoa kizuizi kilichokuwa kinamlazimisha mwandishi afikiri. Angalia chaguo la Android liitwalo returnDefaultValues. Majaribio yanayoendeshwa kwenye kompyuta hutumia faili ya mfumo isiyo na msimbo halisi ndani yake, na kila tendo la Android likiitwa hutupa kosa. Kosa hilo linaudhi, hivyo watu huwasha chaguo hilo, na kuanzia hapo kila kitu kisichopangwa hujibu sifuri, hapana au utupu. MockK nayo ina kibadala kilicholegezwa kinachofanya vivyo hivyo. Kibadala cha aina hiyo ni kama kipima joto kilichochorwa nyuzi 36.6 kwenye kioo: kila anayepimwa ni mzima. Nasisitiza kwamba chaguo hilo lizimwe katika programu yoyote ya afya, ili sifa isiyopangwa iangushe jaribio kwa kelele, maana kelele hiyo ndiyo inayomwambia mwandishi kwamba kuna jambo la mahali ambalo hajaliuliza.

Steve Freeman na Nat Pryce, katika kitabu chao cha mwaka 2009, walitoa shauri ambalo bado halijapata kifani: weka vibadala kwa vitu unavyovimiliki tu. Kwa programu yetu ya ufuatiliaji maana yake ni kwamba hatubadilishi saa ya Android wala kitu cha mahali cha Google. Tunaandika kiolesura kidogo chetu, tuseme Saa, chenye sifa mbili, sasa na ukanda. Kingine, Mahali, chenye kipimo au kutokuwepo kwa kipimo. Kingine, Mtandao, chenye hali tatu zilizotajwa. Programu yote inasoma kutoka humo. Upande wa pili, klasi moja fupi inaziunganisha sifa hizo na simu halisi. Java ilionyesha njia tangu toleo la 8 la mwaka 2014 kwa kuleta Clock, saa inayoweza kupewa wakati mmoja uliosimama pamoja na ukanda wake. Wanaoandika kwa Swift walifika hapo kwa kulazimika, kwa kuwa lugha yao haiachi nafasi ya kubadilisha vitu wakati programu inaendeshwa kama ilivyokuwa kwa Objective-C. Faida ya kiolesura chako mwenyewe haiishii kwenye usafi wa msimbo. Ukikaa kuandika kwamba mtandao una hali tatu, umekwisha kulazimika kujua kwamba hali ya tatu ipo.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka upande mwingine kabisa. Linasema vibadala ni vya bandia, basi viachwe. Programu ipelekwe Butembo, ipewe wafuatiliaji wenyewe, ijaribiwe kwenye simu wanazotumia, kwenye barabara wanazopita. Nusu ya hoja hii naikubali bila ubishi: hakuna jaribio la mezani linaloweza kuchukua nafasi ya mkono wa mtumiaji, na programu isiyokanyaga uwanjani isiitwe tayari. Nusu ya pili inasahau uwanja wenyewe ulivyo. Mnamo Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya siku chache. Tarehe 19 Aprili 2019 Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa Shirika la Afya Duniani kutoka Kamerun, aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Riposte, kama wenyeji walivyoiita kazi ile ya kupambana na mlipuko, ilisimama na kuanza tena mara nyingi. Mtu hapelekwi katika mazingira hayo kwenda kuthibitisha kwamba koma haiangushi programu. Tena yapo mambo ambayo uwanja hauyaleti mtu anapoyataka. Usiku wa manane mpakani Kasindi, saa ya simu iliyorudi nyuma miaka, mtandao ulioshikwa usiofika popote, siku ya 21 yenyewe: mwandishi hawezi kusubiri vyote vijipange mbele yake kwa siku moja. Stabu inavipanga kwa sekunde, na kesho inavipanga tena vilevile.

Kuna sababu nyingine inayowahusu waandishi wa programu walioko hukohuko. Butembo ilikua kuwa jiji la biashara kubwa kwa miaka mingi ikitegemea jenereta na paneli za jua, na bando la intaneti linalipiwa kwa pesa inayoonekana. Kuendesha emuleta ya Android kunataka kumbukumbu kubwa, umeme usiokatika na faili za gigabaiti kadhaa za kupakua. Jaribio la kitengo lenye vibadala vizuri linakimbia kwenye kompyuta ya kawaida, bila mtandao na bila simu, betri ikiwa nusu. Aliyeketi kwenye ofisi yenye seva za majaribio anaweza kuviona vibadala kuwa njia ya mkato. Kijana wa Beni anayesoma kompyuta UCBC, chuo kikuu cha lugha mbili cha mji huo, anapata kupitia vibadala hivyo uwezo ambao vinginevyo asingekuwa nao. Basi hoja ya umaskini wa vifaa, ambayo mara nyingi hutumiwa kueleza kwa nini majaribio hayaandikwi, inaelekea upande wa kuyaandika.

Moki, tofauti na stabu, ninaziwekea mpaka mwembamba. Sifa inasomwa, na kitu kinachosomwa kinatosha kuwekewa stabu. Jaribio linalohesabu ni mara ngapi sifa imesomwa linafunga msimbo kwenye umbo lake la leo bila kumlinda mgonjwa yeyote. Moki inastahili pale kitu kinapotoka nje ya simu na kosa lake halirudishiki: rekodi moja isitumwe mara mbili, jina la mtu lisiandikwe kwenye ujumbe unaokwenda kwa mtu mwingine, mtu aliyemaliza siku zake asiondolewe kabla rekodi yake haijafika kwenye seva. Zaidi ya hapo ninaona moki nyingi ni dalili ya kiolesura kilichogawanywa vibaya.

Stabu nzuri nayo huzeeka. Hadi Android 9, programu iliyopewa ruhusa na mtumiaji iliweza kusoma namba ya IMEI ya simu, na programu za kukusanya data ziliitumia kutambua rekodi imetoka simu ipi. Android 10, ya mwaka 2019, iliifunga sifa hiyo kwa programu za kawaida: zilizoandikwa kwa ajili ya toleo hilo hutupiwa kosa, za zamani zaidi hupewa utupu. Jaribio lililopanga IMEI ya bandia liliendelea kupita kama zamani, kwa sababu stabu haina habari kwamba dunia imebadilika. Hapa ndipo jaribio la mpakani linapohitajika: moja kwa kila kiolesura, linaloendeshwa kwenye simu halisi, likiuliza kama klasi ile fupi bado inaleta kile ambacho stabu inadai. Ni machache, labda matano au sita kwa programu nzima, na yanaweza kuendeshwa kwenye simu moja ya bei nafuu kila toleo jipya linapotoka. Bila hayo, wapinzani wa vibadala wana haki.

Nani atazitaja thamani hizi? Mwandishi wa Nairobi, Kinshasa au Geneva hatazipata kichwani mwake, na haimpasi kulaumiwa kwa hilo. Anazijua mfuatiliaji anayeona simu yake ikiruka saa karibu na mpaka, muuguzi anayeandika 38,5, mkusanya data aliyeikuta rekodi ya Butembo haina mahali. Maarifa yao kwa kawaida huishia kwenye malalamiko ya mdomo, kisha kampeni inaisha na watu wanatawanyika. Yakiandikwa kama thamani za majaribio, kwa majina yanayoeleweka na maelezo ya mstari mmoja, yanabaki ndani ya programu na yanafanya kazi hata baada ya kila aliyeyajua kuondoka. Naamini hii ndiyo namna ya ushirikishwaji wa wenyeji inayodumu kuliko mikutano mingi, kwa sababu programu haiwezi kutolewa tena bila kupita mbele ya wanachokijua.

Haya yana haraka yake. Ebola ilirudi upande wa Butembo Februari 2021, ikarudi Beni Oktoba mwaka huohuo, na kisa kimoja kikathibitishwa Beni tena Agosti 2022. Kati ya mlipuko na mlipuko msimbo hukaa bila kuguswa, simu hubadilika, waandishi hubadilika, kisha programu hufunguliwa upya katika siku chache zenye hofu, wakati hakuna mtu mwenye nafasi ya kufikiria latitudo. Nawaomba walio na programu hizo mikononi sasa, wakati wa utulivu, wafanye mambo manne. Wazime thamani chaguo-msingi katika majaribio yao. Wawe na saa yao, mahali pao na mtandao wao ndani ya programu. Waziweke Butembo, Lubero, Kasindi, Kifaransa, Kiswahili cha Kongo, saa iliyorudi nyuma na mtandao usiofika popote katika orodha ya thamani ambazo kila toleo lazima lizipite. Na waichapishe orodha hiyo hadharani, ili timu itakayoitwa Beni au Butembo safari ijayo isianze na tarehe ya leo na latitudo ya Paris.